Daktari Joslin, Mwalimu wa Wenye Sukari

Ami yangu, Mola amrehemu, alikuwa mtu wa kahawa na halua. Kila baada ya sala ya alasiri aliketi barazani pake na wenzake, sahani ya halua katikati, wakizungumza mpaka magharibi. Sukari alikuwa nayo, na alijua kuwa anayo, lakini haikumtia hofu kwa sababu haikumwuma. Nyayo zake zilikuwa zimeanza kufa ganzi, naye akidhani ni uzee. Siku moja makubadhi mapya yalimchubua kidole cha mguu, kidonda kidogo tu kama cha kuumwa na mbu. Akapaka mafuta ya nazi, akanyamaza. Mwezi haukuisha, mguu ukakatwa chini ya goti. Mwaka haukupinduka, tukamzika.

Tulisema ajali yake imefika, na hilo ni kweli, kwani kila kiumbe ana siku yake. Lakini miaka mingi baadaye, nilipoambiwa kuwa mimi nami nina sukari, ndipo nilipotambua kwamba katika umri wake wote hapana mtu aliyepata kumwambia ami yangu kuwa mwenye sukari hutazama nyayo zake kila siku.

Mimi niliambiwa. Nesi mmoja, binti wa rika la wanangu, alituketisha wagonjwa kiasi cha ishirini juu ya mabenchi na akatusomesha. Alitueleza sukari ni nini, chakula gani hupandisha na kipi hakipandishi, sindano hupigwa wapi, na miguu hutazamwaje. Kisha akamtaka kila mmoja wetu arudie aliyoyasikia kwa kinywa chake mwenyewe. Nilikumbuka chuoni, nilipokuwa nimeshika ubao mbele ya maalim, ambaye hakukubali mtoto aseme amefahamu mpaka asome mwenyewe bila ya kushikizwa. Somo lilipokwisha nilimwuliza binti yule mafunzo haya yalianzia wapi. Alinijibu kuwa walimu wake walimtajia daktari mmoja wa Kimarekani aliyekufa zamani, jina lake Joslin. Nikazitafuta habari za mtu huyo, na leo napenda kuwasimulia wasomaji wangu maisha yake.

Mwana wa mwenye viatu

Elliott Proctor Joslin alizaliwa tarehe 6 Juni, 1869, katika mji mdogo wa Oxford, jimbo la Massachusetts, huko Marekani. Baba yake alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha viatu. Ndivyo ilivyokuwa, kwamba mwana wa mtengeneza viatu ndiye aliyekuja kuwahimiza watu wavue viatu vyao kila siku waitazame miguu yao.

Alisoma katika chuo kikuu cha Yale na kuhitimu mwaka 1890, kisha akaenda kusomea uganga katika chuo cha Harvard, mjini Boston, akahitimu mwaka 1895. Angali mwanafunzi, mnamo mwaka 1893, alimhudumia msichana mmoja aliyehamia kutoka Ireland, aliyekuwa amedhoofika kwa sukari. Msichana huyo alimkaa moyoni. Kijana Joslin aliandika insha juu ya maradhi hayo na ikapata tuzo, na tangu siku hizo hakuyaacha mpaka alipoingia kaburini.

Yafaa msomaji ajue hali ilivyokuwa wakati ule. Sukari ilijulikana tangu kale: mtu hunywa maji hana kiu ya kuisha, hukojoa usiku kucha, hula na bado hukonda. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, madaktari wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimwondoa mbwa kongosho, na mbwa yule akaanza kukojoa mkojo wenye sukari. Hapo pakajulikana kuwa chanzo cha mambo kiko katika kongosho. Lakini kujua chanzo si kupata dawa. Mtoto aliyeshikwa na maradhi haya alihesabiwa kuwa mtu wa kufa, na wengi hawakumaliza miaka miwili. Daktari akishaupima mkojo hakuwa na jingine la kufanya ila kuwapa wazee pole.

Daftari na mama

Joslin alianza kazi yake mwenyewe mjini Boston mwaka 1898. Kitu cha kwanza alichokifanya kilikuwa ni kufungua daftari. Kila mgonjwa wa sukari aliyemjia aliandikwa kwa nambari yake, umri wake, uzito wake, na hali ya mkojo wake. Daftari hilo halikufungwa mgonjwa alipotoka mlangoni. Joslin alimfuata kwa barua na kwa ziara, mwaka baada ya mwaka, mpaka aandike siku mtu huyo aliyokufa na kilichomwua. Hivi leo tukisikia kuwa hospitali fulani ina kumbukumbu za wagonjwa hatushangai. Wakati ule ilikuwa ni jambo geni, na daftari hilo lilikuja kuwa na maelfu ya majina.

Miongoni mwa majina ya mwanzo kabisa mna jina la mwanamke aliyemjua vyema kuliko wote, nalo ni la mama yake mzazi. Sukari iliingia nyumbani kwake mwenyewe. Joslin alimpangia mama yake chakula, akamhimiza atembee, akampima bila ya kuchoka, na bibi huyo aliishi zaidi ya miaka kumi baada ya kujulikana kuwa mgonjwa. Kwa zama zile, kabla ya dawa yoyote, huo ulikuwa umri mrefu. Nadhani mama huyu ndiye aliyemfundisha mwanawe somo lake kubwa, kuwa mgonjwa wa sukari anayejua la kufanya, na akalifanya kila siku, hushinda yule anayengojea daktari amfanyie.

Miaka ya njaa

Sasa nafika mahali ambapo si rahisi kusimulia. Kuanzia mwaka 1914 na 1915 daktari mwingine wa Kimarekani, Frederick Allen wa New York, alieneza matibabu ya kuwafungisha wagonjwa. Maana yake ni kuwa mgonjwa alinyimwa chakula mpaka sukari itoweke katika mkojo, kisha akapewa chakula kidogo mno cha kumweka hai. Joslin aliyafuata matibabu hayo kwa moyo wake wote. Aliwaona watoto waliobaki mifupa na macho, wakililia mkate, na yeye ndiye aliyewanyima. Wako waliokufa kwa sukari, na wako waliokufa kwa njaa yenyewe.

Je, alikosa? Mimi siwezi kumhukumu. Daftari lake lilimwonyesha kuwa waliojizuia kula waliishi muda zaidi ya wasiojizuia. Ule muda, hata ukiwa ni mwaka mmoja, aliuona kuwa ni kitu, kwani mtu aliye hai anaweza kukutwa na dawa na aliyekufa hawezi. Mwaka 1916 alitoa kitabu kikubwa cha kuwafundisha madaktari, alichokitungia juu ya wagonjwa wake elfu moja. Mwaka 1918 akatoa kingine kidogo, na hiki ndicho kilichokuwa cha ajabu, kwani alikiandika kisomwe na daktari na mgonjwa pamoja. Daktari wa zama zile alitaka kutiiwa, si kuulizwa. Joslin alimtia mgonjwa kitabu mkononi.

Mwaka 1921 aliandika makala juu ya kuizuia sukari kabla haijaingia. Humo alisimulia habari za nyumba tatu zilizopangana katika mtaa wa kijiji kimoja cha kwao. Waliwahi kukaa humo, kwa zamu, wenye nyumba saba, wanawake wanne na wanaume watatu, na wote ila mmoja walikufa kwa sukari. Akasema kuwa lau watu hao wangekufa kwa homa ya matumbo au kifua kikuu, serikali ingalituma watu kuchunguza maji na nyumba, na mji mzima ungaliingiwa na hofu. Lakini kwa kuwa ni sukari, na kwa kuwa walikufa mmoja mmoja na miaka imepita kati yao, hapana aliyeshtuka. Alitaka sukari ihesabiwe kuwa ni jambo la afya ya umma kama yalivyohesabiwa maradhi ya kuambukiza. Kwa wakati ule neno hilo lilikuwa limetangulia mbele ya watu.

Sindano yaja

Mwaka huo huo wa 1921, katika mji wa Toronto, nchini Kanada, Frederick Banting na kijana Charles Best walianza kuitafuta dawa ndani ya kongosho. Januari 1922, baada ya James Collip kuisafisha, dawa hiyo ilimfufua mvulana wa miaka 14 aliyekuwa karibu na kufa. Ikaitwa insulini. Tarehe 7 Agosti, 1922, Joslin alimpiga sindano mgonjwa wake wa kwanza, mwanamke aliyekuwa muuguzi, ambaye kwa miezi mingi nguvu za kutoka nyumbani kwake zilikuwa zimemwishia. Baada ya wiki chache mwanamke huyo alikuwa akitembea njiani maili kwa maili.

Joslin, aliyekuwa mtu wa dini yake, alikilinganisha alichokiona na kile kisa cha bonde la mifupa mikavu kilichomo katika vitabu vyao, mifupa iliyovikwa nyama ikasimama. Sisi tuliosoma chuoni tunajua kisa kilicho karibu nacho, cha yule aliyepita penye mji ulioanguka, akaonyeshwa mifupa ya punda wake ikivikwa nyama mbele ya macho yake. Wazee waliokuwa wamekwisha kununua sanda waliwaona watoto wao wakinenepa.

Na kwa kuwa najua msomaji atauliza, nieleze kuwa insulini ya zama zile ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na za nguruwe. Tangu mwaka 1982 imepatikana insulini iliyo sawa na ya binadamu, inayotengenezwa kwa vijidudu viwandani, bila ya kuchinjwa mnyama yeyote.

Dawa bila ya ilimu

Madaktari wengi walidhani kuwa kazi imekwisha. Joslin alitazama daftari lake akaona sivyo. Zamani watu wa sukari walikufa kwa kupoteza fahamu, damu yao ikiwa imechafuka. Sasa hawakufa hivyo tena, waliishi miaka kumi, ishirini, na ndipo yalipotokea mambo mapya: macho yaliyopofuka, figo zilizochoka, mioyo iliyosimama, na miguu iliyooza. Sindano ilikuwa imegeuza ugonjwa wa kufa kuwa ugonjwa wa kuishi nao. Na ugonjwa wa kuishi nao hautaki daktari wa siku moja. Unamtaka mgonjwa mwenyewe awe ni mganga wake, asubuhi, mchana na usiku, maana daktari hakai naye jikoni wala kitandani.

Basi Joslin akageuza hospitali kuwa madrasa. Katika hospitali ya Deaconess, mjini Boston, wagonjwa waliketishwa wakafundishwa kupima mkojo wao, kupima chakula chao kwa mizani, kujipiga sindano, na kutambua dalili za hatari. Aliwafunza wauguzi kazi ya kusomesha, akawatuma majumbani mwa watu wakae na mgonjwa na jamaa zake mpaka mambo yafahamike. Alimchukua daktari mwanamke, Priscilla White, aliyeanza naye mwaka 1924, na bibi huyo akawashughulikia watoto na wajawazito wenye sukari, ambao kabla yake aghalabu waliwapoteza watoto wao tumboni. Aliunga mkono kambi ambako watoto wenye sukari walicheza na kuogelea pamoja na wenzao, huku wakijifunza kujipiga sindano bila ya haya.

Na miguu ilikuwa na walimu wake. Wauguzi waliwafundisha wagonjwa kuosha miguu, kukausha katikati ya vidole, kukata kucha kwa uangalifu, kutokwenda pekupeku, na kumwendea daktari siku ile ile akionapo mchubuko. Yalikuwa ni mambo madogo madogo, lakini yaliinusuru miguu ya watu wengi.

Alama yake ilikuwa ni gari linalokokotwa na farasi watatu, ambao ni chakula, mazoezi na insulini. Akisema kuwa mgonjwa ndiye mwendeshaji, na akimwachia farasi mmoja tu kukimbia atakavyo, gari hupinduka. Waliokaa na sukari miaka mingi na viungo vyao vikabaki salama, aliwatunza nishani, kama vile askari anavyotunzwa arudipo vitani.

Mwaka 1946 na 1947 idara ya afya ya serikali ya Marekani ilikwenda katika mji ule ule wa Oxford alikozaliwa, ikawapima watu zaidi ya 3,500, karibu thuluthi mbili na zaidi ya wakazi wote. Walioonekana kuwa na sukari walikuwa 70. Kati yao, 40 walikuwa wakijijua na 30 walikuwa hawajui kabisa. Zile nyumba tatu alizozisimulia zamani hazikuwa peke yake.

Mabishano

Sitaki msomaji adhani kuwa alikuwa malaika. Joslin alikuwa mkali. Aliyekosa chakula chake alitazamwa kama aliyefanya dhambi, na wako wagonjwa waliotoka mbele yake na aibu kuliko ilimu. Madaktari wengine walimpinga. Walisema kuwa madhali insulini ipo, mgonjwa na ale kama watu, sukari ikizidi kidogo haidhuru, na kwamba macho na figo huharibika kwa sababu nyingine. Mabishano hayo yalidumu miongo mingi. Joslin hakurudi nyuma, akisema kuwa daftari lake linamwonyesha vingine, lakini daftari la daktari mmoja halikutosha kuwanyamazisha wenzake.

Alifanya kazi karibu mpaka siku zake za mwisho. Alikufa tarehe 28 Januari, 1962, akiwa na umri wa miaka 92, na jambo lile halijakatwa.

Lilikatwa mwaka 1993, miaka 31 baada ya yeye kuzikwa. Uchunguzi mkubwa wa wagonjwa 1,441 wa Marekani na Kanada ulitoa jibu. Waliotunza sukari yao kwa bidii waliwashinda mbali wale waliotibiwa kwa desturi ya kawaida, na hatari ya kuharibika macho, figo na mishipa ya fahamu ilipungua kwao kwa nusu na zaidi. Mwaka 1998 uchunguzi wa Uingereza ukaonyesha kuwa ni hivyo pia kwa wale wanaoshikwa na sukari utu uzimani, ambao ndio wengi wetu. Mzee alikuwa amesema kweli. Ila madaktari wa leo wamejifunza jambo moja ambalo yeye hakulijua vyema, nalo ni kuwa mgonjwa anayekaripiwa hukimbia, na anayefundishwa kwa upole hurudi.

Na sisi je?

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kuwa mwaka 2022 watu wenye sukari ulimwenguni walifika kiasi cha milioni 830, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wakitumia dawa. Hesabu hiyo ni kubwa mno kwa akili yangu, kwa hivyo hurudi kwa mtu mmoja, ami yangu.

Huyu alikuwa Mwislamu asiyekosa sala. Kila siku mara tano alitia udhu, akaiosha miguu yake mpaka vifundoni, akapitisha vidole vya mkono katikati ya vidole vya mguu. Mara tano kwa siku mkono wake uligusa mahali pale palipokuwa na kidonda. Hakupungukiwa na maji wala mikono, wala hakupungukiwa na hofu ya Mungu. Alipungukiwa na neno moja kutoka kwa mtu anayejua, la kumwambia aushapo mguu autazame na akimaliza aukaushe. Lau angaliambiwa, pengine tungalimzika na miguu yake miwili, na pengine si mwaka ule.

Tena wako kati yetu wanaoficha. Mtu huona haya kusema ana sukari, hunywa chai ya sukari tele arusini ili asiulizwe, na mwezi wa Ramadhani hufunga bila ya kumwuliza daktari kama mwili wake unaweza. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Joslin alimwandika mamake mzazi katika daftari pamoja na watu wengine wote, wala hakuona haya.

Siku hizi jioni, nikishatoka kusali isha, huketi kitandani nikavua ndara zangu na kuitazama miguu. Unyayo siuoni vizuri, kwa hivyo mjukuu wangu hunishikia kioo. Juzi aliniuliza natafuta nini. Nilimweleza, kisha nikamtaka arudie nilivyosema. Akarudia bila ya kukosa.